Kilombero na Ujuzi wa Mtandaoni: Nani Anarudi Kusema Kilichotokea?

Ni sehemu chache za vijijini Tanzania zilizochunguzwa kama bonde la Kilombero. Mwaka 1956 Mswisi Rudolf Geigy, mtaalamu wa elimu ya wanyama, alianzisha maabara ndogo Ifakara, na maabara hiyo ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Miaka mitano baadaye kikafunguliwa mjini hapo chuo cha kuwafundisha waganga wasaidizi wa vijijini. Watoto wa Idete walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya SPf66, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1994. Hati punguzo ya chandarua, iliyosambazwa nchi nzima kuanzia mwaka 2004, ilijaribiwa kwanza Kilombero na Ulanga miaka ya 1990. Kwa upande wa kilimo kuna kituo ambacho wenyeji wengi bado wanakiita KATRIN, ingawa siku hizi ni TARI Ifakara, na kazi yake kubwa ni mpunga.

Kwa historia kama hiyo, mtu angedhani mkulima wa Mngeta au muuguzi wa zahanati huko Mlimba ana pa kuchota ujuzi bila shida. Sivyo. Makala za kisayansi kuhusu mbu wa bonde hili zimejaa mtandaoni, nyingi zinasomwa bure, lakini karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza, tena cha wataalamu kwa wataalamu wenzao. Mtu aliyekubali mtego wa mbu utegwe chumbani kwake usiku kucha hawezi kusoma kilichogundulika humo. Udhaifu huo ni wa zamani, na sidhani kama tafsiri za hapa na pale zitauondoa. Ndiyo maana watu wamejitafutia njia yao wenyewe, yaani simu.

Minara imeongezeka, hasa baada ya Halotel kuanza huduma mwaka 2015 ikiwa imejielekeza vijijini, na baada ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kuanza kuzipa kampuni ruzuku zifike kule ambako zisingeenda kwa hiari. Sasa kila shughuli ina grupu lake la WhatsApp: wakulima wa mpunga, wakulima wa kokoa, wafugaji wa kuku wa kienyeji, wenye maduka ya dawa muhimu, wauguzi waliomaliza chuo mwaka mmoja. Tukizungumzia kujifunza mtandaoni, kwa kawaida tunaishia kwenye mtandao hafifu na bei ya bando. Ni kero za kweli, nami nitazigusa. Lakini hata pale mtandao unaposhika na bando lipo, watu wanaandikiana sana na kujifunza kidogo, na sababu kubwa haitajwi. Aliyeuliza harudi kusema kilichotokea baada ya kufuata ushauri, na aliyemshauri hamuulizi.

Chukua ugonjwa wa kimyanga. Ni virusi vya mpunga vilivyotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 karibu na Kisumu, Kenya, kisha vikaonekana katika nchi nyingi za Afrika zinazolima zao hilo. Huenezwa na wadudu jamii ya mbawakawa wanaotafuna majani, na pia kwa kugusana, iwe kwa mikono, kwa zana au kwa mifugo inayopita shambani. Dawa ya kuutibu haipo. Mbegu ya Supa, ambayo walaji wanaipenda na soko linailipa vizuri, ni miongoni mwa zinazoshambuliwa kirahisi.

Mkulima anaamka, anaona kipande cha shamba kimegeuka njano. Anachuma jani moja, analiweka kiganjani, anapiga picha na kuituma kwenye grupu: "Wadau, mpunga wangu una shida gani?" Ndani ya nusu saa majibu yamefika. Mmoja anasema ni njaa ya mbolea, weka urea. Mwingine anataja dawa ya wadudu na kiasi cha kuchanganya kwenye bomba la lita 15. Wa tatu anasema huo ni kimyanga, ng'oa uchome. Wa nne anatuma sauti ya dakika sita ambayo wenye kitochi hawataisikia kamwe. Kisha mtu anarusha tangazo la kiwanja kinachouzwa, na mjadala umekwisha.

Kwa picha ile, hakuna aliyekuwa na haki ya kujibu kwa uhakika. Njano ya kukosa naitrojeni huanzia kwenye majani ya chini, yale ya zamani, na hulienea jani zima. Kimyanga huonyesha mabakabaka na michirizi kwenye majani machanga, mmea unadumaa, na mara nyingi shamba huugua kwa viraka. Anayetaka kutofautisha anahitaji kuona jani, mmea mzima na shamba lote kwa mbali, na kujua ni mbegu gani, ina umri gani, imewekwa mbolea lini. Swali lilikuwa pungufu tangu mwanzo, na hakuna aliyelirudisha kwa mwenyewe alikamilishe. Mkulima akachagua jibu lililompendeza, pengine lile la urea kwa kuwa mfuko ulikuwa umebaki ndani. Mei akavuna anachojua yeye peke yake. Msimu unaofuata picha ileile, ya jani jingine la mtu mwingine, itaulizwa tena, na watajibu walewale kwa uhakika uleule.

Kuna jambo baya zaidi ya kusahau. Aliyevuna vizuri hupiga picha ya magunia na kuituma, tena ana haki ya kujivunia jasho lake. Aliyepata hasara hunyamaza. Kupoteza eka tatu kwa kufuata ushauri wa watu usiowajua ni aibu ambayo hakuna anayependa kuitangaza mbele ya watu 250. Kwa hiyo grupu husikia upande mmoja tu. Mbinu iliyomfaidi mmoja na kuwaumiza tisa hubaki na sifa njema mwaka hadi mwaka, kwa kuwa shahidi wake ni mmoja na anasema ukweli.

Na anayejibu ni nani? Mara nyingi ni mwenye duka la pembejeo, ambaye kwa kweli anajua mengi, ila pia anauza dawa anayoipendekeza. Bwana shamba yumo, lakini ana vijiji kadhaa, anajibu kwa bando lake mwenyewe usiku akiwa amechoka, na akichelewa anatukanwa. Yupo pia mjuaji wa kila grupu, anayejibu kuhusu mpunga, kisukari na siasa kwa sauti moja. Asiyekuwepo ni mzee wa Kindamba aliyelima na kuvua kambale kwenye mbuga zinazofurika kwa miaka 50, anayejua maji ya mto yakipanda kwa namna fulani mwezi fulani ni wapi pa kupanda na wapi pa kuacha. Hana simu janja, na mwanawe mwenye nayo hakumbuki kumuuliza.

Njia bora zimeshajaribiwa, na baadhi zilijaribiwa jirani kabisa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, wilaya tatu za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, iliyo ng'ambo ya mto Kilombero, ziliingia kwenye jaribio lililoitwa SMS for Life. Wizara ya Afya ilishirikiana na Novartis, Vodafone, IBM na mpango wa kimataifa wa kupambana na malaria. Kila wiki vituo 129 vya afya vilitumiwa ujumbe mfupi vikiulizwa jambo moja tu: dawa mseto na kwinini ya sindano mliyonayo leo ni kiasi gani? Mhudumu alihesabu, akajibu bure kwa simu yake ya kawaida, akapewa vocha kidogo kwa kujibu kwa wakati. Mganga mkuu wa wilaya aliona hesabu zote pamoja na kuweza kuhamisha dawa kutoka kituo chenye ziada kwenda kituo kilichoishiwa. Katika wiki 21, vituo vilivyokosa kabisa aina moja au zaidi ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26.

Teknolojia ya jaribio hilo ilikuwa duni hata kwa wakati wake. Nguvu yake ilikuwa kwenye mpangilio: swali lilikuwa fupi na la namna moja, lilikuja siku inayojulikana, aliyejibu alilipwa kidogo kwa usumbufu, na jibu lake lilimfikia mtu mwenye uwezo wa kutenda. Wiki iliyofuata swali lilirudi, kwa hiyo ilionekana kama kitendo kimefanyika au la. Magrupu yetu hayana hata moja kati ya hayo.

Bagamoyo kulikuwa na jaribio la aina nyingine, lenye ubinadamu zaidi. Kuanzia mwaka 2011, Eugenio Tisselli wa Mexico na watafiti wa chuo kikuu cha ETH cha Zurich walifanya kazi na kundi dogo la wakulima, wanawake kwa wanaume, kwenye kituo cha kilimo cha Chambezi. Mradi uliitwa Sauti ya Wakulima. Simu janja zilikuwa mbili tu kwa kundi zima. Mwanachama alikaa nayo siku kadhaa, akapiga picha, akarekodi maelezo kwa sauti yake, na vyote vikaingia kwenye tovuti moja. Kila Jumatatu walikutana kituoni, wakaangalia kwenye kompyuta kilichokusanywa wiki hiyo, wakajadili, kisha simu zikabadilisha mikono. Lengo la mwanzo lilikuwa kuonyesha athari za mabadiliko ya tabianchi. Wakulima wakalipindua: wakaanza kwenda kwa wakulima wengine kuwahoji wanavyofanya, wakarudi na picha na sauti za watu ambao hawakuwa kwenye mradi.

Naupenda mfano huu kuliko yote. Uhaba wa simu ulilazimisha watu wakae pamoja, na kikao cha Jumatatu kilifanya kazi ambayo skrini haifanyi. Mtu akisema shambani kwake mambo yalikwenda vizuri, jirani yake anayeliona shamba hilo kila siku ameketi pembeni. Uongo ni mgumu katika hali hiyo, na aibu ya hasara hupungua kwa kuwa waliopo ni kumi wanaofahamiana. Kujifunza kwa njia ya mtandao kulikuwa na miguu ardhini.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya watu wachache, na sayansi inahitaji vipimo. Kweli, ila vipimo na ujuzi wa wenyeji havigombani. Mwaka 2016 watafiti wa Ifakara walichapisha matokeo ya kazi waliyofanya katika vijiji vya bonde hili: wakazi walifundishwa kuchora ramani za maeneo yao, zikagawanywa katika miraba, nao wakataja mbu wanaouma nje ya nyumba wako wengi wapi na wachache wapi. Kisha mitego ikategwa kuhakiki. Makisio ya wakazi yalikaribiana sana na mitego, kwa gharama ndogo kuliko kuhangaika na mitego kila kona. Lakini utafiti mwingine wa hapahapa umeonyesha kuwa mbu aina ya Anopheles funestus, ambaye ni mchache kuliko nduguye arabiensis, ndiye anayeambukiza zaidi ya asilimia 80 ya malaria katika vijiji vilivyochunguzwa. Mwenyeji anajua mbu wako wapi. Ni maabara inayojua ni mbu yupi. Grupu lenye wenyeji peke yao lingepeleka nguvu zote kwa mbu wengi, na wataalamu peke yao wangetega mitego pasipostahili.

Kilimo shadidi cha mpunga kinatufundisha upande wa pili. Mbinu hii, ya kupandikiza mche mmoja mchanga wa siku chache kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25 na kulowesha shamba kisha kulikausha kwa zamu, ilibuniwa Madagascar miaka ya 1980 na padre Mjesuiti, Henri de Laulanié. Ilienea duniani kwa barua pepe na ripoti zilizokusanywa na watu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kabla taasisi kubwa za mpunga hazijaikubali. Iliingia Mkindo, wilayani Mvomero, na Mngeta hapa bondeni, ambako kampuni ya KPL iliwafundisha wakulima wadogo wa jirani. Mwaka 2004 wanasayansi walibishana vikali kwenye majarida kuhusu taarifa za Madagascar za mavuno yaliyopita tani 15 kwa hekta. Wapinzani walisema vipimo havikuaminika; watetezi walisema wakulima hawadanganyi matumbo yao. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mbinu ina faida, na wakulima wengi walioijaribu kwa makini wameiona. Lakini ilienezwa kwa simulizi za waliofanikiwa, na mkulima wa bondeni ambaye hana uwezo wa kudhibiti maji mto unapofurika alikuta sharti kuu la mbinu hiyo haliko mikononi mwake. Hilo lingeandikwa mapema, wengi wangeokoa nguvu zao.

Upande wa afya, mfano unaotajwa zaidi ni Project ECHO, iliyoanzishwa New Mexico, Marekani, mwaka 2003 na daktari Sanjeev Arora. Mabingwa wa homa ya ini aina ya C walikutana kwa video kila wiki na wahudumu wa kliniki za mbali. Hapakuwa na mihadhara mirefu. Mhudumu alileta mgonjwa wake bila jina, akamweleza, wakamjadili, na wiki zilizofuata akarudi kueleza maendeleo. Mwaka 2011 ilichapishwa kwamba wagonjwa waliotibiwa kwenye kliniki hizo walipona kwa kiwango kilekile cha waliotibiwa chuo kikuu, asilimia 58 hivi kote. Maneno muhimu hapo ni mawili: bila jina. Katika magrupu ya wahudumu wa afya, picha ya mtoto mwenye vipele hurushwa ikionyesha sura, na pengine jina la kijiji likatajwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika hapo, na wahudumu wengi hawajawahi kuelezwa.

Sasa hizo kero nilizoahidi. Msimu wa mpunga familia nyingi za bonde huhamia mashamba ya mbali mbugani kwa miezi, wakaishi kwenye madungu, na huko simu huchajiwa kwa sola ndogo ikiwa jua limewaka. Wakati mkulima anahitaji ushauri kuliko wakati wowote ndio wakati ambao mtandao unamkwepa. Kisha kuna sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi milioni 1 ya leseni na milioni 1 nyingine kila mwaka. Zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini kwa maoni yangu zilishawafundisha watu kujificha kwenye magrupu yaliyofungwa, ambako ujuzi hautafutiki wala haupatikani na asiyealikwa. Na mwaka 2025, siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Kilichokuwa kwenye daftari kiliendelea kusomeka.

Kwa hiyo sioni haja ya programu nyingine ya simu. Zimekuja nyingi, zikafadhiliwa, zikazinduliwa kwa fulana na kofia, na ufadhili ulipokwisha zikapotea pamoja na maswali yote ya wakulima. Kinachohitajika ni mtu na daftari. Kila grupu la wakulima lichague mtunza kumbukumbu, na chama cha ushirika kimlipie bando na posho ndogo. Kazi yake ni kukataa swali pungufu, kwa upole: leta picha tatu, taja mbegu, umri, mbolea na hali ya maji. Aandike jibu lililotolewa na nani alilitoa, na kama anauza dawa aliyoitaja, liandikwe hilo pia. Baada ya wiki mbili amfuate muulizaji. Waliopata hasara wamwambie yeye faraghani, naye aandike bila jina.

Kumbukumbu hizo, zikikusanywa msimu mzima, zina thamani hata kwa TARI. Ni majaribio mamia ambayo watu wameyafanya kwa gharama zao wenyewe, kwenye udongo na mafuriko halisi, na hakuna kituo cha utafiti chenye bajeti ya kuyafanya yote. Mtafiti akikaa nazo siku mbili anaweza kuona kwamba ushauri fulani unafaa Mang'ula na unaumiza Mlimba. Matokeo yasomwe redioni mara moja kwa wiki. Pambazuko FM iko Ifakara, na redio ndogo husikika kwenye dungu hata bando likiisha. Kwa njia hiyo mwenye kitochi naye anaingia darasani, na mzee wa Kindamba atasikia mtu akipotosha na kupiga simu kumsahihisha.

Wapo watakaosema watu hawana muda wa kuandika yote hayo. Muda wa kutuma "asubuhi njema" zenye maua wanao.

Mavuno ya bondeni huanza Mei. Admini wa grupu la wakulima anayesoma haya asingoje mradi wala mfadhili. Aanze na swali moja, alitume kwa kila mwanachama faraghani, wakiwemo walionyamaza msimu mzima: ulifuata ushauri wa nani, na umepata magunia mangapi kwa eka?